Kilomita 374 angani, lakini tiketi inasema saa moja na ushee

Ukitafuta umbali kati ya viwanja viwili vya ndege vya mikoani, kwa kawaida unapewa namba mbili: kilomita na muda wa kuruka. Ya kwanza iamini. Ya pili mara nyingi ni umbali uliogawanywa kwa mwendokasi, basi.

Umbali hupimwa kwa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwa masafa mafupi kikokotoo cha simu kinatosha. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu ya 60 ya digrii, ni sawa na maili moja ya baharini, kilomita 1.852, hivyo digrii nzima ni maili 60. Longitudo hubanana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati. Tuseme viwanja vimepishana digrii 3 za latitudo na 2 za longitudo, karibu na latitudo 40. Upande mmoja ni maili 180. Wa pili ni 120 mara 0.766 (kosaini ya 40), yaani 92. Jumlisha mraba wa kila upande, tafuta kipeuo cha pili: maili 202, kilomita 374. Masafa yakiwa marefu, tumia fomula ya haversine, inayozingatia mviringo wa dunia.

Wengi huharibu kabla hata ya kuanza hesabu: 2°30′ wanaiandika 2.30 badala ya 2.5. Hapo umeshapoteza kilomita 22.

Sasa muda. Ndege haifuati mstari ule kwa unyoofu. Hupita njia zilizopangwa na hugeuka ili itue kwa kukabili upepo, hivyo 202 inakuwa kama 215. Ndege ya pangaboi ya aina ya ATR 72 huenda noti 270 hivi ikishatulia angani, yaani maili 270 za baharini kwa saa: dakika 48. Ongeza 8 hadi 10 kwa sababu ikipanda na ikijipanga kutua huwa na mwendo mdogo, kisha nyingine 10 za kutembea ardhini pande zote mbili. Umefika saa moja na dakika kama 7.

Jeti ya noti 430 ingemaliza maili hizo kwa dakika 30 kwenye karatasi. Kwa safari fupi hivi faida hiyo huyeyuka: chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi noti 250, na ikishafika juu, muda si muda inaanza kushuka.

Upepo nao haujifuti kwa kwenda na kurudi. Ukiwa wa noti 40, kwa ATR ile kuukabili ni dakika 56, kusukumwa nao ni 42. Jumla 98, si 96, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi upande unaokupinga.

Muda wa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili, na mashirika huongeza dakika kadhaa za akiba. Kwa kuunganisha safari, shika saa hiyo ya kuwasili, si muda wa angani. Saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa majira ya kila mahali. Viwanja vikiwa na majira tofauti, ondoa kwanza tofauti hiyo.