Mshubiri uliozidishiwa maji
Jani la mshubiri likilegea, wengi hukimbilia kumwagilia. Libonyeze kwanza! Jani lenye kiu huwa jembamba na lenye mikunjo. Lililozidiwa maji huwa teketeke kama limechemshwa, na rangi hufifia kuanzia shinani.

Ung'oe mmea, pukuta udongo. Mizizi mizima ni migumu. Iliyooza ni myeusi, inanuka na kuchubuka mkononi, maana udongo uliojaa maji hauna hewa. Kata iliyooza yote kwa kisu safi, kisha uache mmea kivulini siku 3 hadi 5, vidonda vikauke. Panda upya kwenye chungu chenye matundu: nusu udongo, nusu mchanga wa chembe kubwa. Usimwagilie kwa wiki nzima, na kisahani cha chini kisituamishe maji kamwe.