Koti la Karume katika duka la Piccadilly

Kazi yangu ya kwanza London ilikuwa kusafisha maofisi usiku, maeneo ya Piccadilly. Saa kumi na mbili alfajiri natoka hoi, nakwenda kusubiri basi namba 38 linirudishe Clapton. Njiani napita kwenye kioo cha duka la nguo la Cordings, Piccadilly namba 19, na kila siku nasimama kukodolea suruali.

Suruali zenyewe sasa! Nyekundu, kijani kibichi, njano ya haradali. Kwetu mtu mzima akitoka hivyo ataulizwa bendi yake inapiga wapi leo. Huku ni vazi la wazee wenye mashamba na mbwa.

Duka lilianza mwaka 1839, na hapo Piccadilly lipo tangu 1877. Makoti ya mvua ndiyo yaliyolipa jina. Wenyewe hujivunia kwamba Stanley alinunua vifaa kwao kabla ya kuja kwetu kumtafuta Livingstone. Mwaka 2003 Eric Clapton, yule mpiga gitaa, aliingia kuwa mmoja wa wamiliki. Mimi nakaa Clapton, lakini hatujuani.

Kuingia kulinichukua mwaka mzima. Nilijua mlinzi atanifuata nyuma kama kivuli. Akaja mzee wa makamo, kafunga tai, futi inaning'inia shingoni. Akanitazama mabega kwanza, uso baadaye, na hapohapo nikamkumbuka fundi cherehani wangu wa Ilala, Dar es Salaam.

Akanivalisha koti fupi la rangi ya udongo mkavu, kola ya mahameli, koti la wapanda farasi. Akageuza mkono wa koti nione: mistari minne ya mshono imepita sambamba ukingoni, na kwenye pindo la chini minne mingine. Eti ni kuimarisha kingo, zisifumuke mtu akipita na farasi kwenye miiba. Nikauliza mashati ya miraba. Nayo, kumbe, asili yake ni mablanketi ya farasi kwenye mnada wa Tattersalls, hapahapa London. Hakuwa na haraka, ingawa viatu vyangu vilishamwambia kwamba sinunui. Bei ilikuwa mamia ya pauni. Nikanunua soksi.

Mara ya pili nilikwenda na koti langu la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu. Nililipata Karume, soko la mitumba pale Ilala, belo limefunguliwa asubuhi, tukaligombea watu watatu. Kitambaa kizima, bitana imechanika vipandevipande. Fundi alilipapasa akasema, "Mdogo wangu, hili usilichezee, litakuzika." Akang'oa bitana yote, akaweka kitenge cha bluu chenye ndege, kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani.

Ndani ya koti kulikuwa na lebo yenye picha ya tufe na msalaba juu yake. Kwa miaka mingi nilidhani ni mambo ya kanisa. Yule mzee akanieleza kwamba ndiyo alama ya Harris Tweed, na kwamba tangu 1993 kuna sheria kabisa: sufu isokotwe na kutiwa rangi visiwani Outer Hebrides, Uskoti, na mfumaji afume kwa mkono nyumbani kwake. Vinginevyo hupati jina hilo. Mtu kakaa kisiwani kwake, mvua inanyesha, anafuma koti litakalokuja kugombewa Ilala! Nilicheka peke yangu.

Mzee akafungua koti, akakiona kitenge. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapani, polepole, akarudi nyuma, akapitisha tena. Akamwita mwenzake aliyekuwa kaunta, naye akaja akageuza mfuko wa ndani nje. Wakaangaliana.

"Huyu fundi wako yuko mbali?" akauliza.

Nikamwambia namba 38 haifiki.