Road King ya 2004, Road King ya 2018

Baada ya miaka sita ya kubeba boksi huku Marekani bila kujinunulia kitu cha maana, mwaka jana nilisema liwalo na liwe, nanunua pikipiki. Si ya kwendea kazini. Kazini nakwenda na gari, tena usiku. Nilitaka pikipiki ya safari ndefu, zile nzito zenye kiti kipana, masanduku mawili ubavuni na kioo cha kukata upepo, ukae juu yake siku nzima na jioni ushuke ukiwa bado binadamu. Nikaipenda Road King ya Harley-Davidson. Kuchagua jina kulinichukua wiki moja. Kuchagua mwaka kulinichukua miezi minne.

Maana jina ni hilo hilo miaka yote, na kwa mbali hata sura ni hiyo hiyo: taa ya duara mbele, tangi pana lenye saa ya mwendo juu yake. Kaka mmoja ninayemheshimu sana hapa mjini anayo ya 2004. Dada mmoja, nesi tunayepishana naye zamu, anayo ya 2018. Ukizisimamisha pamoja utadhani mapacha. Ukiziwasha ndipo unapojua.

Ya kaka ina injini ya Twin Cam 88, yaani ujazo wa cc 1,450, vali mbili kwa kila silinda na gia tano, na kinachoipoza ni upepo tu. Ya dada ina Milwaukee-Eight 107 iliyoingia kwenye toleo la 2017: cc 1,746, vali nne na plagi mbili kwa kila silinda, gia sita, na ndani kuna chuma maalumu kinachozunguka kupunguza mtikisiko. Ikiwa imesimama taa nyekundu, ya kaka hutetemeka mpaka kioo cha nyuma kinaonyesha magari mawili mawili. Ya dada imetulia kama imekatazwa kusema.

Mwezi wa tano walinichukua tukapande Blue Ridge Parkway, watu watatu kwa pikipiki mbili, tukibadilishana. Kwa asiyeijua, ni barabara ya maili 469 juu ya mgongo wa milima, kutoka Rockfish Gap pale Virginia hadi Cherokee, North Carolina. Malori ya biashara hayaruhusiwi, mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa, na hakuna kituo cha mafuta hata kimoja juu yake. Ukitaka petroli lazima uchepuke uteremke mjini. Kwa kupima pikipiki ya safari sijaona mahali pazuri zaidi.

Kufika pale kwanza unapita barabara kuu, na hapo ya kaka ilinichosha. Kwenye maili 70 kwa saa, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatafuta gia ya sita ambayo haipo. Paja la kulia, lililo karibu na silinda ya nyuma, liliiva. Klachi nayo ni ya kukamulia. Lakini tulipoingia milimani, kwa maili 40 hivi, gia ya nne na ya tano, ile kitu ikawa nyumbani kwake. Unasikia kila mlipuko. Kona zinakuja taratibu, mlio unagonga ukuta wa mwamba na kukurudia. Nilishuka nikamwambia kaka, basi, nimeshaamua, natafuta ya zamani. Akacheka. "Subiri kwanza mdogo wangu, hujaijua."

Cha kwanza nilichokijua ni tangi. Lake ni la galoni 5, kama lita 19. Kuanzia toleo la 2008 Road King zilipewa galoni 6, karibu lita 23. Kwa kukaa mjini hiyo si habari. Juu ya mlima usio na kituo cha mafuta, ndiyo inayoamua nani anachepuka kwanza, na wote tulichepuka kwa sababu yake.

Cha pili alinieleza tukiwa tumekaa pale Mabry Mill, kwenye jiwe la maili ya 176. Twin Cam zilizotoka 1999 hadi 2006 zina minyororo ya kuzungusha camshafti (kamu), vile vyuma vinavyofungua vali za injini, na kinachoikaza ni vipande vya plastiki ngumu vinavyosukumwa na springi kali. Springi haichoki, plastiki ndiyo inayolika. Ikilika sana, chembe zake huingia kwenye pampu ya oili, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kuwa chuma chakavu jioni. Wenye uzoefu hufungua kukagua kuanzia maili 25,000 hivi. Kuanzia 2007, injini ilipokuzwa kuwa Twin Cam 96 na gia ya sita ikaongezwa, vikazio vikawa vya kusukumwa na oili, na shida ile ikapungua mno. Kaka ya kwake aliifungua mwenyewe gerejini, akabadilisha kwa vifaa vya mkono, risiti anazo. "Ukikuta ya zamani," aliniambia, "usimwulize muuzaji imetembea maili ngapi. Mwulize lini ilifunguliwa upande wa kamu. Akikutumbulia macho, muage."

Alinifundisha pia kusoma herufi, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Zile za kabla ya 2007 ukiona FLHR ujue ni kabureta, ukiona FLHRI, ile I ya mwisho ni injeksheni, yaani petroli inapulizwa ndani kwa mtambo wa umeme. Kabureta fundi yeyote anaitengeneza, ila ukiiacha miezi minne ya baridi na petroli ya zamani ndani, inaganda gundi kwenye vitundu vyake.

Mpaka hapo bado moyo wangu ulikuwa kwa ya 2004. Kilichonibadilisha ni kulungu.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha, barabara inang'aa. Mimi nilikuwa kwenye ya dada, kaka na dada wako nyuma yangu kwenye ya kaka. Kulungu akatoka kwenye majani upande wa kushoto, akasimama katikati ya njia, akanitazama. Nikafanya kile tulichokatazwa darasani: nikazikaba breki zote kwa nguvu zote. Wenzo ukawa unanidundadunda kwenye vidole, pikipiki ya zaidi ya kilo 350 ikaenda moja kwa moja kama imo kwenye reli, ikasimama. Hiyo ndiyo ABS, breki zinazozuia tairi lisigande likateleza. Nyuma yangu nilisikia tairi likiteleza, kisha likashika, kisha dada akitaja majina yote ya Mungu. Kaka alikuwa ameachia breki nusu, akakaza tena, akaachia, kwa mkono uliozoea miaka ishirini. Mimi leseni ya pikipiki nina mwaka mmoja. Ningekuwa juu ya ile ya 2004, sasa hivi ningekuwa nawaandikia kwa mkono mmoja.

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu ambayo kila aliye ughaibuni anaijua. Huku nikivunjika mguu, zamu zangu anapewa mwingine kesho yake. Hakuna shangazi wa chumba cha pili. Kodi haisubiri plasta itolewe. Na kule nyumbani kuna watu ambao mwisho wa mwezi wanaangalia simu.

Kwa hiyo mlio nikauweka pembeni. ABS ilianza kuwekwa kwa hiari ya mnunuzi kwenye toleo la 2008. Fremu mpya, ngumu zaidi, isiyoyumba kwenye kona ndefu, iliingia 2009. Ya 2018 kama ya dada ilikuwa juu ya uwezo wangu, nisiwadanganye. Nikabana utafutaji: 2009 hadi 2013, yenye ABS. Na ABS huiamini kwa maneno. Unafungua swichi uone taa yake inawaka pale kwenye saa. Kisha unauliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kwa sababu yanavuta unyevu na yanatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili, na yakizembewa yanaweza kuharibu mtambo wenyewe wa ABS. Namba ya fremu, ile ya herufi na tarakimu 17, unaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama barabarani, bure, uone kama kuna wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujafanyiwa kazi. Tairi unasoma tarakimu nne za mwisho: 3209 ni wiki ya 32 ya mwaka 2009. Niliikuta moja imepakwa nta mpaka unajiona sura, tairi zake zina miaka kumi na tatu. Nikaaga.

Mwishowe nilipata ya 2010, Twin Cam 96, gia sita, ABS ipo, mwenyewe mzee mmoja aliyeandika kila oili aliyomwaga kwenye daftari dogo. Haina mlio wa ya kaka wala utulivu wa ya dada. Injini inachemsha vilevile, paja langu ni shahidi.

Baridi ilipokwisha nikaenda kuiwasha kwa mara ya kwanza. Kimya. Alamu yake ilikuwa imelamba betri miezi yote minne, na mimi sikuwa nimeichomeka kwenye chaja. Nikampigia kaka. Nilimsikia kabla sijamwona, ile 2004 ikikohoa kuanzia kona ya mtaa. Akazima, akatoa nyaya kwenye sanduku la pembeni, akanikabidhi upande mmoja.

"Nyekundu kwanza, mdogo wangu."