Jinsi wanafunzi wetu walivyoanza kusema

Nilipopewa kazi ya ushauri nasaha shuleni, nilikabidhiwa chumba, ufunguo na daftari ambalo karibu kurasa zote zilikuwa tupu. Daftari la nidhamu, katika ofisi ya jirani, lilikuwa limejaa hadi likaongezewa la pili. Nililiomba nikalisoma kwa jioni kadhaa. Sikutafuta nani kafanya kosa gani, maana hilo lilikuwa limeandikwa vizuri. Nilitafuta saa, mahali, na majina yanayojirudia.

Yalijirudia. Mtoto aliyeandikwa mwanzoni mwa muhula kwa utoro, aliandikwa katikati kwa kulala darasani, na mwishoni kwa kumpiga mwenzake. Daftarini hayo ni makosa matatu na adhabu tatu. Kwangu alikuwa mtoto mmoja ambaye hali yake ilizidi kuharibika mbele ya walimu watatu, kila mmoja ameona upande wake tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Yaani huanza watoto wakiwa mikononi mwetu, na mara nyingi hayaanzi kwa machozi. Huanza kwa ukorofi, kwa alama kushuka, kwa tumbo linalouma kila asubuhi ya mtihani.

Mahali napo palikuwa palepale: nyuma ya vyoo, kwenye ngazi wakati wa kubadilisha vipindi, getini baada ya kengele ya mwisho. Walimu wa zamu walikuwa wakisimama katikati ya uwanja, ambako hakuna mtoto anayethubutu kumgusa mwenzake. Tukawaomba wahamie kule kwenye kona. Haikuhitaji fedha wala semina, na nafuu yake ilionekana upesi kuliko jambo lolote tulilofanya baadaye. Dan Olweus, mtafiti aliyeanzisha mpango wa kuzuia uonevu katika shule za Norwei mwaka 1983, aliuweka usimamizi wa saa za mapumziko kati ya mambo ya msingi kabisa. Naelewa kwa nini.

Kisha tukaunda kamati ndogo: makamu mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu, mimi, na mwalimu wa darasa la mtoto anayezungumziwa. Tulikutana kila wiki, kwa muda mfupi, na kanuni ilikuwa moja: jina likitajwa, hatuondoki kabla ya kujua nani atazungumza na mtoto huyo na lini.

Lakini kamati inaweza kushughulikia tu yale yanayoifikia, na mengi hayakuwa yakitufikia. Hapo ndipo palipokuwa na kazi kubwa.

Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilitoa utafiti kuhusu mashambulizi 37 yaliyofanywa shuleni kati ya 1974 na 2000. Katika mashambulizi manne kati ya matano, kulikuwa na mtu aliyejua kabla kwamba mshambuliaji anafikiria au anapanga jambo. Karibu wote waliojua walikuwa rafiki zake, wanafunzi wenzake, au ndugu zake. Utafiti huohuo haukupata sura moja ya mshambuliaji: walikuwemo wapweke na wenye marafiki, wenye alama za juu na za chini. Tangu niliposoma hayo, niliacha kujiuliza ni mtoto wa namna gani wa kumwogopa. Nikaanza kujiuliza kwa nini wanaojua hawasemi.

Niliwauliza wenyewe, darasa kwa darasa. Wengine waliogopa kuitwa wachongezi. Wengine hawakutaka rafiki yao afukuzwe shule. Jibu lililoniuma zaidi ni la msichana mmoja: "Mwalimu, tukisema hatujui mnafanya nini. Tunaona tu yule tuliyemsemea ameitwa, halafu anatutafuta."

Kwa hiyo nilirudi kila darasa na kueleza, hatua kwa hatua, kinachotokea mtu akija kwangu: nani ataambiwa, nani hataambiwa, na kwamba jina lake halitatajwa kwa anayesemwa. Nilieleza pia mipaka ya siri yangu. Nikisikia kwamba mtu anataka kujidhuru, au kumdhuru mwingine, au kwamba kuna mtu mzima anayemdhuru mtoto, sitanyamaza, ila nitamweleza kwanza yule aliyenijia nitamwambia nani. Watoto hawakukasirishwa na mipaka hiyo. Waliniambia afadhali waijue mapema. Na kila aliyeleta taarifa nilimrudia, hata kwa sentensi moja tu: "Lile jambo linashughulikiwa, asante." Bila habari za ndani. Nadhani sentensi hiyo ilijenga imani kuliko mabango yote tuliyobandika.

Kulikuwa na jambo jingine lililonipa moyo wa kuanza na wanafunzi badala ya walimu. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi 10 za Ulaya, kwa wanafunzi zaidi ya 11,000. Mpango uliowafundisha wanafunzi wenyewe kuhusu afya ya akili, kwa mazungumzo na maigizo mafupi, ulipunguza majaribio ya kujiua kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Mpango uliowafundisha walimu kutambua dalili haukuleta tofauti iliyo wazi. Sisemi walimu wasifundishwe. Nasema kipindi kimoja cha maigizo, ambamo watoto wanajizoesha kumwuliza rafiki "mbona umebadilika?", si mchezo wa kupotezea muda.

Matukio mawili yalitupima. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasitambulike.

La kwanza ni la mvulana aliyesimama katikati ya darasa, baada ya kuchekwa, akapiga kelele: "Nitawaua wote!" Shule nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana. Baadhi ya walimu walitaka afukuzwe siku hiyohiyo. Sisi tulifuata njia ambayo Dewey Cornell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia wamekuwa wakiijenga tangu 2001, ya kutenganisha tishio la hasira linalopita na tishio lenye nia nyuma yake. Nilikaa naye mahali tulivu. Ulimaanisha nini? Umewahi kufikiria utafanyaje? Una kitu chochote, au unajua utakipata wapi? Umemwambia nani? Tuliwauliza pia waliokuwepo, na wazazi. Hakukuwa na mpango wala silaha. Palikuwa na kejeli za muda mrefu kuhusu kigugumizi chake, na siku hiyo zilizidi kipimo. Aliomba radhi mbele ya darasa, na waliokuwa wakimkejeli tukaanza kazi nao.

La pili halikuwa na kelele yoyote. Wasichana wawili walibisha mlangoni wakaniambia rafiki yao amewagawia vitu vyake anavyovipenda, na amesema wiki ijayo hatawasumbua tena. Jina lake halikuwa katika daftari lolote. Nilimwita, nikamwuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi wanaogopa swali hili, wakidhani linapanda wazo kichwani. Halipandi, humwonyesha mtoto kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia jibu. Alinyamaza kwa muda, kisha akakubali kwa kichwa. Hakuachwa peke yake hata dakika moja mpaka mzazi alipofika, na siku hiyohiyo alionwa na daktari. Tulimwomba mzazi afungie dawa na kila kitu cha hatari nyumbani.

Baba yake aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, mwanangu si mwendawazimu." Nikamjibu kwamba hakuna aliyesema hivyo. Nikamwuliza kama analala, anakula, na tangu lini ameacha kucheka. Akaanza kuhesabu miezi mwenyewe.

Wale marafiki wawili nao walihitaji kutunzwa. Waliogopa kwamba mwenzao angewachukia, na kwa wiki kadhaa mmoja wao hakulala vizuri. Kabla mwenzao hajarudi shuleni, nilikaa naye nikamwuliza angependa wenzake waambiwe nini, angependa kukaa wapi, akizidiwa amwendee nani, na mitihani iliyompita tuipange vipi. Alichagua mwalimu wa hisabati, ambaye mimi nisingemfikiria kamwe. Ikawa hivyo.

Kuhusu uonevu wenyewe, kuna desturi niliyoikataa tangu mwanzo: kuwaita mwonevu na aliyeonewa, kuwashikisha mikono, na kuwaambia yaishe. Ugomvi wa wenye nguvu sawa unaweza kupatanishwa. Uonevu ni mwenye nguvu kumwandama asiye nazo, tena na tena, na kumkalisha mnyonge mbele yake ni kumwonea mara nyingine, sasa ofisini na kwa baraka zetu. Nilizungumza nao kila mmoja peke yake. Anayeonea nilimwambia wazi kwamba tabia hiyo inakoma leo, kisha nikamfuatilia, kwa sababu wapo wanaoonea huku wao wenyewe wakionewa kwingine, na hao ndio wenye hali ngumu kuliko wote. Nguvu kubwa zaidi niliitafuta kwa watazamaji. Mpango wa KiVa wa Ufini, uliotokana na kazi ya Christina Salmivalli na wenzake katika Chuo Kikuu cha Turku, umejengwa juu ya hao: mwonevu hutafuta hadhi mbele ya wenzake, na wakikataa kucheka, faida yake inapungua. Hatukuwataka watoto wamkabili mwonevu. Tuliwaomba wamfuate aliyeonewa baadaye, wakae naye, wamsindikize.

Siku hizi daftari la nidhamu lina kurasa chache zaidi, na la ushauri linajaa. Sichukulii kwamba matatizo yameongezeka. Yamehama daftari, na hilo ndilo tulilolitaka.

Sasa mapambano yako kwenye simu, usiku, katika makundi ya ujumbe ambayo hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kusimama. Tumewaomba wanafunzi wapige picha ya skrini ya maneno ya vitisho na matusi, wasijibu, na watuletee asubuhi. Ila ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, wasiinakili wala kumtumia yeyote, hata mwalimu. Waje watuambie kwa mdomo. Kanuni hii tunairudia kila mwanzo wa muhula, na mpaka sasa wazazi ndio wanaochelewa kuishika kuliko watoto, kwa hiyo mkutano ujao wa wazazi tumeutengea kipindi kizima.