Ile kaunta niliyoipita mbio: karatasi za Thailand, kutoka kwa mtu wa Malindi

Juzi baada ya magharibi alikuja kijana wa jirani yetu hapa Barani, amepata kazi ya kufundisha Thailand na mamake kamtuma kwangu, nenda kwa dadako akwambie kulivyo. Akakaa barazani nikampa chai. Swali lake la kwanza, dada chakula cha halali kinapatikana? La pili, joto likoje? Nikamwambia mdogo wangu chakula utapata na joto ni hili hili letu ila halina upepo wa bahari, sasa niulize karatasi. Hakuwa na swali la karatasi hata moja. Basi tulikaa mpaka chai ikapoa tukapasha nyingine, na alipoondoka nikaona niandike na hapa, maanake sio yeye peke yake anayeenda hivi.

Mie nimekaa Bangkok miaka minne, upande wa Min Buri kule mashariki mwa jiji, Waislamu ni wengi adhana unaisikia na wali wa biriani unauzwa njiani asubuhi. Nilikuwa nafundisha Kiingereza watoto wadogo. Na ntasema ukweli, kabla sijaenda sikuwahi kufikiria maisha ya mgeni. Nimekulia Malindi, mji wa wageni huu, Waitaliano wamejenga Casuarina kote mpaka wauza samaki wetu wanazungumza Kitaliano, lakini mie nilikuwa nawaona tu wanapita na vikapu vyao, sikujua kwamba nao wana tarehe kwenye pasipoti ambazo zinawanyima usingizi. Nilijua siku mgeni alipokuwa ni mie.

Nianze na lililoniuma zaidi. Mwaka wangu wa pili baba alianguka. Simu ya mama ilikuja saa tisa usiku, asubuhi nishakata tiketi, naenda uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi na kibegi kimoja na macho yamevimba. Wakati ule nilikuwa nishaongezewa muda wa kukaa wa mwaka mzima, muhuri uko kwenye pasipoti umeandikwa tarehe mpaka mwezi wa tatu, na ejenti aliyeshughulikia karatasi za shule aliniambia madamu una muhuri na kibali cha kazi wewe huna wasiwasi, toka uingie. Si kweli. Thailand ukishaongezewa muda kisha ukatoka nje ya nchi bila kibali cha kurudia, ule muda wote unakufa pale pale unapopigwa muhuri wa kutoka, hata kama ulibakiwa na miezi minane. Kibali cha kurudi mara moja ni bahti 1,000, kama shilingi elfu nne hivi za kwetu, cha kutoka na kuingia mara nyingi ni 3,800. Na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba pale uwanjani pana kaunta yake, ipo pale pale unapokwenda kugongewa muhuri, unajaza fomu unatoa picha na pesa unapewa. Nimeipita. Nimeipita mbio nikimuwaza baba.

Baba nilimuwahi, alhamdulillahi, tulikaa naye siku tisa tukamzika. Nilipotaka kurudi, dada wa kaunta ya ndege Nairobi akapekua pasipoti mara mbili, akaniuliza kibali cha kurudia kiko wapi, akaniomba radhi, hakunipandisha. Nikaanza moja, viza mpya ubalozini, barua mpya za shule, na kibali cha kazi nacho kilikuwa kinategemea ule muda wa kukaa kwa hiyo nacho kikaanguka. Mshahara wa mwezi na zaidi ulipotea na nilikuwa na deni la mazishi. Ndio maana huyu kijana nimemwambia kabla hujaniuliza joto, andika hili neno kwanza, kibali cha kurudia.

Sasa hizi nyingine. Mgeni akishafika, mwenye nyumba anatakiwa apeleke taarifa uhamiaji ndani ya masaa 24 kwamba fulani analala kwangu, fomu yenyewe inaitwa TM30. Kwetu mgeni akija majirani wanajua kabla hajatua begi, kule majirani wanajua na serikali nayo inataka ijue. Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mmoja mtu mzima, mkarimu sana, kila Ijumaa ananiletea mchuzi wa samaki wa nazi, lakini hiyo fomu hakuijua kabisa. Kisheria kosa ni lake. Lakini aliyerudishwa kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji, kule Chaeng Watthana, ni mie, nimesafiri mji mzima kwa basi tangu alfajiri, naambiwa stakabadhi ya TM30 haipo rudi nayo. Kwa hiyo kabla hujatoa dipoziti ya chumba (mara nyingi wanataka ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele) muulize mwenye nyumba kwa adabu kama atakupigia hiyo taarifa, na akisema hapana tafuta kwengine hata kama chumba ni kizuri.

Halafu kuna ripoti ya siku 90. Ukikaa siku 90 mfululizo unaripoti kwamba bado uko na unakaa wapi, fomu TM47, haina malipo. Unaweza kuipeleka kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada ya tarehe yako, ukipitisha ukaenda mwenyewe faini ni bahti 2,000. Watu wanachanganya hapa, wanadhani siku nilipoongezewa muda si nimeonekana, basi. Hapana, kuongezewa muda ni kitu kimoja na kuripoti ni kitu chengine. Na ukitoka nchi ukarudi hesabu inaanza upya. Mie nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani, na kalenda zao zina mwaka wa Kibuddha, 2024 kwao ni 2567, usije ukashtuka ukiona mkataba wako una tarehe ya karne nyengine.

Kupitisha muda wenyewe wa kukaa ndio usifanye kabisa. Ni bahti 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na wako watu wetu wanasema aa ntalipa tu nikitoka. Kulipa utalipa, lakini tangu 2016 ukipitisha siku 90 hata ukijisalimisha mwenyewe unafungiwa mwaka mmoja usirudi, na inapanda, mitatu, mitano, mpaka kumi. Ukikamatwa wewe hujajisalimisha inaanzia mitano hata kama ulipitisha kidogo.

Kazi. Hapa nataka mzazi yeyote anayesoma asome pole pole. Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa, kazi inataka viza ya aina ya B na kibali cha kazi, na kibali kinataja mwajiri na kazi, hutoki ukauza mitumba jioni au ukatembeza watalii, kuna orodha ya kazi walizowekewa wenyewe tu na hiyo ya kutembeza watalii imo, kunyoa na kusuka nywele imo, masaji ya Kithai imo. Shule ya kweli inaanza kukutumia barua ukiwa bado kwenu. Mie nilipigwa alama za vidole Mombasa nikapata cheti cha tabia njema, digrii ikapelekwa Nairobi kugongwa mihuri, nikatakiwa na mtihani wa Kiingereza wa TOEIC juu yake ijapokuwa nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, sisi Wakenya hatuhesabiwi wenye lugha. Iliniuma lakini nikafanya. Karatasi nyingi ni dalili nzuri, asikudanganye mtu.

Anayekwambia hakuna karatasi, tiketi tunalipa sisi, kazi ni ya kompyuta mshahara mnono, huyo mkimbie. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikionya, vijana wa Kenya wanapelekwa Bangkok wakidhani ni kazi ya ofisini kisha wanapakiwa kwenye gari safari ya masaa mpaka Mae Sot, mpakani, wanavushwa mto usiku na wanajikuta Myanmar wamefungiwa kwenye majumba wanalazimishwa kutapeli watu kwa simu. Pasipoti zimechukuliwa. Wengine wametolewa na kurudishwa nyumbani, na wanayoyasimulia mtoto wa mtu hayafai kuyapitia. Kijana wetu nimemuomba anioneshe barua ya shule kwa macho yangu, nikaitafuta shule kwenye ramani, nikapiga simu mwenyewe. Ipo.

Ami yangu ni dalali wa viwanja hapa Malindi, kila nikirudi likizo swali lake ni moja, bado hujanunua kiplot huko? Nikawa namwambia ami, kule mgeni hamiliki ardhi. Yeye analijua hilo kwa upande wetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 65, mgeni anapata lizi tu, yaani kukodi kwa mkataba, na isizidi miaka 99. Kule ni kali zaidi, lizi ya nyumba ya kawaida mwisho miaka 30 na ikizidi mitatu lazima isajiliwe ofisi ya ardhi la sivyo haikulindi baada ya hiyo mitatu. Fleti ya kondo mgeni anaweza kumiliki kwa jina lake, ila wageni wote pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo, na pesa ziingie kutoka nje. Kutumia jina la mwenyeji kama kivuli, iwe rafiki, iwe kampuni, ni kosa, na ami alipolisikia hilo alinyamaza kidogo akasema hata hapa tumeona mengi kwa vivuli.

Ndoa nayo nitaigusa. Mwenzetu mmoja alioa msichana wa Kiislamu pale Min Buri, imamu akafungisha, walima ukaliwa, akajua yamekwisha. Kwetu kadhi yumo kwenye katiba. Kule sheria ya Kiislamu ya ndoa na mirathi inatambuliwa na mahakama kwenye mikoa minne tu ya kusini, Pattani, Yala, Narathiwat na Satun. Bangkok nikaha yako mbele ya Mungu ni nikaha, mbele ya serikali bado ni mchumba mpaka mwende ofisi ya wilaya, pale Bangkok wanaita khet, na barua ya ubalozi kwamba huna ndoa nyengine, itafsiriwe Kithai na igongwe muhuri wa wizara yao ya mambo ya nje. Bila cheti hicho huombi kukaa kama mume wa mtu, na hata ukiwa nacho wanataka uoneshe bahti 400,000 benki au kipato cha 40,000 kwa mwezi. Yeye alikuja kuyajua haya wakati mkewe ana mimba ya miezi saba.

Adabu hazikunisumbua sana. Viatu mlangoni, kumuinamia mtu mzima, kutopandisha sauti, hizo mama alishanifunza. Moja tu ilinishinda. Sisi tukimpenda mtoto tunampapasa kichwani tunamuombea dua, na kule kichwa cha mtu hakiguswi. Wiki ya kwanza nilimshika mtoto kichwa mbele ya nyanyake, uso wa yule bibi ukabadilika, sijausahau. Na saa mbili asubuhi wimbo wa taifa ukipigwa simama ulipo. Mambo ya mfalme na ukoo wake usiyaandike, usiyasambaze, usiyachekee hata kwenye wasapu, kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai ni miaka 3 mpaka 15 jela kwa kila kosa na mgeni hasamehewi kwa ugeni wake.

Kijana anaondoka Jumanne kwa basi la usiku kwenda Nairobi ubalozini. Faili lake tumelipanga pamoja, nakala tatu tatu, na ile fomu ya kuingia ya mtandaoni atajaza siku tatu kabla hajafika, ni bure, tovuti ikidai pesa sio yenyewe. Kilichobaki ni kadi ya homa ya manjano, kutoka Kenya wanaidai, na inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Bado hajachanjwa. Nimemwambia mamake kesho asubuhi nitampeleka mie mwenyewe.