Kuchagua Ufuo wa Kutelezea kwa Tiara
Tunapokwenda likizo ya kitropiki pamoja, wengine wakiwa wanagenzi na wengine mahodari wa kuteleza baharini kwa ubao na tiara, mimi huanza kumtafutia mahali yule asiyejua kitu, kwa maana hodari hupata pa kucheza karibu kila penye upepo. Mwanagenzi anahitaji maji ya kufika kiunoni yaliyokingwa na mwamba, chini pawe mchanga mtupu, na upepo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa unaovuma kwa mshazari kuelekea ufuoni, ili tiara ikianguka asukumwe nchi kavu. Upepo utokao nchi kavu kwenda baharini simruhusu kuujaribu kamwe, hata ukiwa mwanana.

Jambo linalosahauliwa mno ni kupwa na kujaa kwa maji. Mahali palipo salama maji yakiwa nusu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huweza kukauka hadi matumbawe yakajitokeza, na maji yanapotoka kwa kasi humkokota mtu kuelekea kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo la kutokea bahari kuu. Kwa hiyo husoma ratiba ya maji kabla sijalipia chumba.

Aliyekwisha kumudu kurudi alikoanzia dhidi ya upepo anaweza kuhamia maji ya kina, na wapenda mawimbi huvuka mwamba, wakiwa wawili wawili.