Haraka ya Watumishi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Marko 5:21–43. Kabla hatujafungua Biblia, naomba tutafakari kwanza habari ya macho, maana hayaoni yote yaliyo mbele yake.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha utafiti wa video fupi ya vijana wanaopasiana mpira. Watazamaji walipewa kazi ya kuhesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la gorila. Karibu nusu yao hawakumwona kabisa, na macho yao yalikuwa mazima. Walikuwa wanahesabu.

Hilo linachekesha. Lisilochekesha ni jaribio lililochapishwa mwaka 1973 na John Darley na Daniel Batson, kwa sababu waliojaribiwa ni wenzetu: wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la jirani akatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejiinamia mlangoni, kafumba macho, anakohoa na kuguna. Watafiti ndio waliomweka pale.

Wanafunzi waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Wenye haraka kiasi, 45. Walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa na watu wanawangoja, 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, na watafiti waliandika kwamba zaidi ya mara moja mwanafunzi aliyekuwa anakimbilia kumhubiri Msamaria alimruka yule mtu, kwa maana ya kuinua mguu na kumvuka.

Ni rahisi kusema hao walikuwa wanafiki. Darley na Batson hawakusema hivyo. Walieleza kwamba haraka huubana ufahamu: wengine walimwona mtu, lakini akilini mwao hakufika kama mwenye shida anayewahusu. Wengine walifika kwenye hotuba wakiwa wamefadhaika, maana walimwona vizuri, ila na aliyewatuma naye alikuwa anawategemea.

Sasa tazameni Jumapili zetu. Ibada ya kwanza imekwisha, ya pili inaanza baada ya dakika chache. Mwanakwaya anatafuta waya wa spika, mzee wa kanisa kabeba sadaka, mchungaji anaitwa ofisini. Benchi la nyuma kuna mama amejifunika kanga, na hainuki. Wote watatu wanampita, kila mmoja anamwambia, "Bwana asifiwe, mama," naye anaitikia, "Amina." Kwa haki kabisa kila mmoja angeapa kwamba alimsalimu.

Rudini Marko 5. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa na haraka halali, ni Yesu siku ile. Binti wa Yairo, wa miaka 12, yu katika kufa. Baba yake kaanguka miguuni pa Bwana, kasihi sana. Umati unasonga. Hapo mwanamke mwenye ugonjwa wa miaka 12, umri mzima wa yule mtoto, anagusa vazi lake kwa nyuma, na Yesu anasimama, anauliza ni nani. Wanafunzi wanaliona swali halina maana, kwani umati wote unamgusa! Yeye anaendelea kutazama huku na huku mpaka amwone (mstari wa 32). Na akiisha kumwona anamwacha aeleze yote, na habari za miaka 12 hazielezwi kwa dakika moja.

Yairo naye kasimama pale pale, anasikiliza. Huwa tunamsahau Yairo katika mahubiri yetu. Kusimama kule kulikuwa na gharama, na ni yeye aliyeilipa: Yesu angali anasema na mwanamke, habari ikaja kwamba mtoto amekufa. Sisi tunajua mwisho wa kisa. Yeye alikuwa hajaujua.

Tumezoea kuomba Mungu atupe moyo wa huruma, na ni ombi jema. Lakini wale wa Princeton huenda moyo walikuwa nao. Walichokosa ni dakika. Kwa hiyo naliweka hili mbele ya wazee na kamati ya ibada: kati ya ibada ya kwanza na ya pili tuache nusu saa isiyo na kikao, matangazo wala mazoezi ya kwaya. Najua ibada ya pili itachelewa kutoka, na wenye safari watanung'unika. Tuipangie tarehe ya kuanza kwenye kikao kijacho. Na kwenye jumuiya juma hili, atakayesoma kwa sauti asiukimbilie mstari wa 32.